Ceska ni nini hasa? Stori ya mguu wa kuku tunaousikia kwa habari kila siku

Kama umekulia Murera, ama Kimbo, ama upande wowote wa hii Thika Road, neno Ceska ulilijua kabla hujajua kwamba kuna nchi inaitwa Cheki. Ni habari za saa moja, na mtangazaji ana ile sauti yake: washukiwa wawili wameuawa, wa tatu ametoroka na majeraha ya risasi, na kumepatikana bastola aina ya Ceska ikiwa na risasi tatu. Risasi huwa ni tatu, mara nyingine nne. Nikiwa darasa la tano nilidhani Ceska ni cheo, kama OCS.

Majuzi kwa kinyozi kukazuka ubishi. Jamaa mmoja akasema Ceska ni bunde ya wazee, siku hizi watu wako kwa Glock. Mwingine akasema Ceska ni chuma, haiwezi kukuangusha. Hakuna aliyewahi kushika hata moja, na mimi pia nilikuwa kwa hiyo orodha. Lakini mimi nina sababu yangu ya kuisoma hii bastola, na nitaifikia. Kwanza wacha nianze huko ilikotoka.

Ceska si jina la bastola. Kiwanda kinaitwa Česká zbrojovka, maana yake kiwanda cha silaha cha Kicheki. Ukitoa hiyo zbrojovka, unabaki na “ya Kicheki” peke yake. Ni kama mgeni aje hapa, aone sanduku limeandikwa “Kahawa ya Kenya”, arudi kwao akiita kinywaji chenyewe “ya Kenya”. Ndivyo sisi tulivyofanya. Wenyewe huandika kwa kifupi CZ, na ile iliyofanya jina hilo lijulikane dunia nzima ni CZ 75, namba ya mwaka iliyotoka, 1975.

Kiwanda kiko mji unaoitwa Uherský Brod, mashariki ya nchi. Kilijengwa 1936, na hakikuwekwa huko kwa bahati. Ujerumani ya Hitler ilikuwa magharibi, kwa hivyo Wacheki wakasogeza viwanda vyao vya silaha mbali na mpaka. Hitler aliichukua nchi hata hivyo, lakini kiwanda kikabaki, na baada ya vita wakaingia Wakomunisti.

Hapo ndipo stori inanoga. Aliyechora CZ 75 ni mzee anaitwa František Koucký, akisaidiwa na ndugu yake Josef. Nchi za upande wa Urusi zilikuwa na risasi zao, na majeshi yao yalitumia hizo. Lakini CZ 75 ikatengenezwa kwa risasi ya milimita 9 ya Parabellum, ile ya majeshi ya magharibi. Mkomunisti anaundia adui wake bastola? Ni biashara, wasee. Serikali ilitaka pesa za kigeni, na pesa za kigeni zilikuwa huko ng'ambo. Kwa hivyo bastola ikachorwa kutoka mwanzo iwe ya kuuzwa nje.

Halafu wakafanya kosa ambalo hata mtu wa kibanda cha simu pale Ruiru hangefanya. Haki za ubunifu wakazifanya siri ya serikali, zikasajiliwa ndani ya nchi, kwa siri, nje hakuna kitu. Sasa dunia nzima ikawa huru kukopi. Waitaliano wa kampuni ya Tanfoglio wakakopi. Waswisi wakakopi. Waturuki na Wachina wakakopi. Waisraeli nao wakachukua vipuri vya Tanfoglio, wakaviboresha, na 1990 wakaleta sokoni kitu wakakiita Jericho 941.

Ngoja hapo kidogo. Jericho si unaijua pia? Ni lile jina la pili kwa habari zetu, baada ya Ceska. Polisi wetu wamebeba zote mbili miaka mingi. Kumbe tukisikia Ceska hii leo na Jericho kesho, tunasikia mama na mtoto wake. Zote zimetoka kwa mchoro wa mzee Koucký.

Ilipendwa kwa nini? Ilibeba risasi 15 kwa magazini wakati bastola nyingi za watu zilibeba nane ama tisa. Mshiko wake unakaa vizuri kiganjani, hilo hata maadui zake wanakubali. Na slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma bastola ikipiga, inatembea ndani ya fremu. Kwa bastola nyingi ni kinyume, slaidi ndiyo inaifunika fremu kwa nje. Ukiweka slaidi ndani, inabanwa vizuri, haichezi, na mtutu unakaa chini karibu na mkono, kwa hivyo bastola hairuki sana.

Lakini huo uzuri ndio uliozaa tatizo la kwanza. Slaidi ikiwa ndani ya fremu, kinachobaki nje cha kushika ni kidogo. Ukitaka kuivuta nyuma na mkono una jasho, ama kumenyesha, vidole vinateleza. Kila mtu aliyewahi kuiandika hii bastola analalamika hapo.

La pili ni uzito. Bila risasi ni kama kilo moja, chuma tupu. Kilo moja ya unga ni kidogo, lakini ifunge kiunoni kuanzia asubuhi hadi jioni, siku saba. Zile za kwanza kabisa zilikuwa na reli fupi, yaani njia ambayo slaidi inatembelea, na kufika 1980 kiwanda kikawa kimezirefusha. Siku hizi zile za reli fupi ndizo wakusanyaji wanazililia, wanalipa pesa nyingi kwa kitu ambacho kiwanda chenyewe kilikiona kina kasoro. Binadamu.

Kuna pia mambo ya magazini. Ukibonyeza kitufe kwa bastola nyingi za sasa, magazini tupu inaanguka yenyewe. Kwa CZ 75 ya zamani kuna springi bapa inayoikamata, lazima uivute kwa mkono. Wacheki waliliona hilo ni jambo zuri, kwa sababu askari hapotezi magazini. Mwanamichezo anayepimwa kwa sekunde anaona ni balaa.

Sasa tufike kwa nyundo na triga, na hapa naomba uende polepole, kwa sababu sababu yangu iko hapa.

CZ 75 ina nyundo nyuma, ile unayoiona kwa sinema ikivutwa na kidole gumba. Ikiwa iko chini, mvuto wa kwanza wa triga ni mrefu na mzito, kwa sababu triga inafanya kazi mbili: inainua nyundo, halafu inaiachilia. Ikiwa nyundo iko juu tayari, mvuto ni mfupi na mwepesi sana. Bastola ni hiyo moja, lakini ina triga mbili. Mwenye vidole vifupi hata hafikii ile ya kwanza vizuri.

Na sefti? Ile ya kawaida haiingii mpaka nyundo iwe juu. Kwa hivyo mwenye bastola ana njia mbili za kuibeba ikiwa na risasi chemba. Aiache nyundo juu na sefti imefungwa, jambo linalowatisha watu wengi. Ama aishushe nyundo. Lakini CZ 75 ya kawaida haina kitu cha kuishusha. Ili kuishusha inabidi uishike kwa kidole gumba, halafu, nasema tena, ubonyeze triga ya bastola iliyo na risasi, huku ukiombea kidole gumba kisiteleze.

Kiwanda kiliona hatari. Miaka ya tisini ikaja CZ 75 B. Hiyo B ni ya bloku, kipande kidogo ndani kinachozuia pini isigonge risasi mpaka triga ibonyezwe. Sasa bastola ikianguka chini haipigi. Hapo wamefanya vizuri. Lakini fikiria: mtu anayeshusha nyundo kwa kidole gumba, triga si ameibonyeza? Basi bloku imeshaondoka njiani. Haimsaidii kwa ile sekunde anayoihitaji zaidi. Ikabidi watoe nyingine tena, BD, ambayo pale kwa sefti wameweka leva ya kushusha nyundo bila kugusa triga. Leva yenyewe ni fupi kuliko kidole chako kidogo.

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, nikisomea mambo ya mekanika, na mengi niliyofundishwa yalipita juu ya kichwa. Hili la bloku nililielewa mara moja, kwa sababu nilikuwa nimeliona kwa macho.

Ilikuwa usiku, mimi na rafiki yangu tukitembea kutoka stegi kuingia ndani Murera. Ile saa ambayo boda zimeisha na taa za barabarani ziko kama hazipo. Wanaume wawili wakatutokea, jaketi nyeusi. Kama walikuwa makarao ama wezi, mpaka leo sijawahi kujua, na usiniambie kwamba ungejua. Hawakujitambulisha. Wakatukalisha chini kwa changarawe. Mmoja akatoa bastola, akavuta nyundo kwa kidole gumba, klak, akaielekeza kwa goti la rafiki yangu. Akauliza maswali ambayo hayakuwa na jibu, kama unatoka wapi, unaringa nini, simu hii ni ya nani.

Halafu simu yake mwenyewe ikalia. Akaitoa kwa mkono wa kushoto, akasema “naam, naam”, akaangalia barabara, na kwa ule mkono wa kulia, bastola bado iko kwa goti, akaishusha nyundo kwa kidole gumba. Hakuangalia hata. Alikuwa anaongea kwa simu. Akaiingiza kiunoni, wakaenda, na simu zetu wakaziacha. Sisi tulicheka njia nzima mpaka nyumbani, kicheko kile cha watu wanaotetemeka. Tulidhani hatari iliisha aliposhusha nyundo. Miaka miwili baadaye nikiwa nasoma kuhusu CZ 75 saa nane usiku, nikaelewa kwamba kile kitendo cha kushusha ndicho kilichokuwa hatari kuliko vyote vya usiku huo. Triga imebonyezwa, bloku haipo, na kati ya njugu na goti la mtoto wa watu kuna jasho la kidole gumba cha mtu anayeongea kwa simu.

Ndiyo maana ubishi wa kwa kinyozi ulinikera. Watu wanapima bastola kama wanapima Subaru.

Na kusema ukweli, ziko nchi ambapo inapimwa hivyo. Kuna watu CZ 75 kwao ni kama Probox kwa fundi wetu, ya kuongezwa vitu. Marekani kuna biashara nzima inayoishi kwa kasoro za mzee Koucký. Angus Hobdell, mlengaji shabaha wa mashindano, alijenga duka zima Arizona, CZ Custom, la kuziboresha. Wanabadilisha springi ziwe nyepesi, wanaweka triga iliyo karibu na kidole, wanang'arisha vyuma vya ndani ili ule mvuto mrefu usiwe wa kukwaruza. Wanatoa ile springi bapa ya magazini. Vibao vya mshiko vya plastiki vinatoka, vinawekwa vyembamba vya aluminiamu. Mbele kwa shabaha wanaweka kijiti cha rangi kinachoshika mwanga.

Kiwanda kikaona watu wengine wanakula kwa jasho lake, kikaamua kuuza iliyoboreshwa tayari. 2016 ikatoka Shadow 2, na cha kuchekesha ni kwamba wameiongezea uzito, imepita kilo moja na robo. Kwa mchezo, uzito si kasoro tena, unaituliza bastola. Nenda basi ukaifunge hiyo kiunoni doria nzima. Na wale wa kazi wakatengenezewa za plastiki, kama P-07 na baadaye P-10, nyepesi. P-07 inakuja na leva za aina mbili, unachagua ya sefti ama ya kushusha nyundo. Biashara iliwanyookea mpaka 2021 wakanunua Colt, ile Colt ya sinema za makauboi. Kiwanda cha Wakomunisti kikainunua bastola ya Marekani. Mzee Koucký angecheka.

Kwetu hapa mchezo huo upo, ila ni wa wachache. Kirigiti, hapo Kiambu, kuna uwanja wa kulenga shabaha, na wenye leseni hushindana. Leseni yenyewe inatoka kwa bodi, chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na mwisho wa 2018 serikali iliagiza kila mwenye nayo akaguliwe upya. Sisi wengine tunaijua Ceska iliyorekebishwa kwa njia moja tu, ile ya kwa habari: nambari ya usajili imefutwa. Na kuna ile ya pili, bastola bandia, mbao na bomba na rangi nyeusi. Msee anadhani akibeba bandia anacheza chini. Sheria hiyo hiyo inahesabu bandia ukiitumia kwa uhalifu, na yule wa jaketi nyeusi gizani hatakuuliza kama yako ni ya ukweli.

Mbao na bomba, lakini, hazikuanza na hawa vijana wa juzi. Muulize mzee yeyote wa upande huu, babu yako akiwa hai. Wakati wa Mau Mau, baada ya Gavana Baring kutangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, silaha zilikuwa haba msituni, kwa hivyo watu wakajiundia. Mtutu ni bomba la maji. Kitako ni mbao. Kile kinachogonga risasi ni komeo la mlango, lile la kusukuma, na springi ni mpira uliokatwa kutoka kwa tyubu ya gari. Unavuta komeo nyuma, unaliachilia, mpira unalirudisha kwa nguvu.

Kasoro zake hazihitaji kuelezwa sana. Bomba la maji limeundwa kubeba maji. Mara nyingine risasi haikutoka, mara nyingine bomba lilipasuka na aliyeumia ni aliyeishika. Magazini hakuna, risasi ni moja moja. Waliozibeba walijua hayo yote. Maboresho yao yalikuwa kupata bomba nzito zaidi, ama mpira mpya, ama kwenda kuzichukua za ukweli, kama walivyofanya walipovamia kituo cha polisi cha Naivasha tarehe 26 Machi 1953 wakaondoka na bunduki.

Na sheria ya wakati huo haikuuliza kama umepiga mtu. Kukutwa na silaha ama risasi kulitosha kukupeleka kwa kitanzi. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa miaka hiyo. Dedan Kimathi mwenyewe, waliyemtafuta miaka yote hiyo, alipopigwa risasi na kukamatwa Oktoba 1956 hawakumshtaki kwa kuongoza vita. Kesi iliyofanyiwa Nyeri ilihusu bastola moja ya Webley Scott na risasi sita. Kumiliki. Basi. Wakamnyonga Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na kutoka hapa Murera Kamiti si safari, ni matatu mbili. Ukienda Nairobi umwangalie yule wa sanamu, ameshika bunduki na kisu. Ile bastola iliyomuua haipo.

Kwa hivyo ile fomula ya habari, bastola moja, risasi kadhaa, ina miaka mingi kuliko mtangazaji. Nikisikia “Ceska ikiwa na risasi tatu” siku hizi, swali langu la kwanza si ni ya nani. Najiuliza nyundo ilikuwa juu ama chini. Najua ni swali la ajabu. Hakuna ripoti inayosema.

Juzi nilimwonyesha yule rafiki yangu picha mbili kwa simu, 75 B na BD, nikampanulia pale pembeni leva ilipo. Nikamwelezea yote, triga, bloku, kidole gumba. Alinyamaza kwa muda. Anafanya kazi ya mjengo huku Kimbo siku hizi, alikuwa ametoka kazini, suruali yote ni simiti. Akashika goti lake bila kujua kwamba analishika.

“Kwa hivyo tofauti ni hako kachuma tu?”

Nikamwambia ndiyo, ni hako tu.

Akanirudishia simu. Akauliza kama nina mia moja ya kumwongezea nauli.